Nani Alimfundisha Bibi Titi Kusema? Historia Fupi ya Ulumbi kama Mtaji

UTANGULIZI

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Laiti wangefufuka leo wakapita kwenye ubao wa matangazo wa chuo chetu, wangeona kwamba ulimi huo usio na mfupa sasa una bei. Kuna karatasi imebandikwa pale tangu mwanzo wa muhula: jifunze kuzungumza mbele za watu, wiki 4 tu, cheti utapewa, lipia kwa simu. Ukifungua simu yenyewe ndiyo kabisa! Kila ukitelezesha kidole unakutana na kijana mwenye suti na maikrofoni ndogo kifuani, anakuambia kwamba kama hujui kujieleza, digrii yako utaifungia maandazi.

Wenzangu wengi wamelipa. Siwacheki, maana hata mimi nilikaribia kulipa. Mwaka wa kwanza nilipangiwa kuwasilisha katika semina ya riwaya. Nikasimama, nikasoma karatasi yangu mpaka mwisho bila kuinua uso. Mwalimu alipouliza swali moja tu, nikabaki namtazama kama kondoo. Jibu nilikuwa nalo. Usiku ule bwenini nilimjibu vizuri sana, peke yangu, kitandani.

Makala hii imetokana na aibu ile. Inauliza maswali matatu. Stadi ya kusema ilifundishwaje kwetu kabla haijawa bidhaa? Nani alipewa na nani alinyimwa? Na enzi hii ya dijitali imebadilisha nini hasa? Kwa kuwa historia nzima ya jambo hili ni bahari, nimemchagua mtu mmoja wa kunivusha, naye ni Bibi Titi Mohamed (1926–2000), yule ambaye barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake na ambaye wengi wetu tunamjua kwa barabara hiyo tu. Hoja yangu ni kwamba ulumbi haujawahi kuwa mali ya mtu mmoja mdomoni mwake. Huwa mtaji pale wanapokuwepo watu wanaokusikiliza, wanaokujibu na wanaoweza kukudai ulichoahidi. Mafunzo yanayompa mtu ulimi bila kumpa watu hao yanamuuzia nusu ya bidhaa kwa bei ya nzima.

ISTILAHI NA HISTORIA YA MBALI

Tuanze na maneno. Kiswahili hakikuhitaji kungoja kozi za wiki 4 ili kipate jina la stadi hii. Tuna ulumbi, tuna mlumbi, tuna malumbano. Tuna pia balagha, neno lililotoka Uarabuni likiwa limebeba elimu nzima ya ufasaha, ambalo sisi wanafunzi tunalikumbuka siku ya mtihani tu, tunapoulizwa maana ya swali la balagha.

Mtaji wa kijamii nao unahitaji kuelezwa, maana siku hizi neno hili linatumika kama chumvi, kila mahali. Mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu (1930–2002), katika insha yake ya mwaka 1983 kuhusu aina za mitaji, alitofautisha mtaji wa kiuchumi, wa kiutamaduni na wa kijamii. Wa kiutamaduni ni ule ulioingia mwilini na akilini mwa mtu kwa malezi na elimu, ikiwemo namna yake ya kusema. Wa kijamii ni rasilimali anazozipata mtu kwa sababu yumo katika mtandao wa watu wanaojuana na kutambuana. Tazama basi kichekesho cha lugha: neno hilohilo mtandao ndilo tunalolitumia leo kwa intaneti, kana kwamba ukishaunganishwa na mnara wa simu umeshaunganishwa na watu.

Kwa hiyo tukisema stadi ya kusema ni mtaji wa kijamii, tunaruka hatua moja. Stadi yenyewe ni mtaji wa kiutamaduni. Inageuka kuwa wa kijamii pale tu inapopata kikundi cha kuipokea. Hatua hii ndiyo wauza kozi wanayoiruka.

Jambo hili ni la kale sana. Katika fasihi ya Misri ya kale, mnamo miaka ya 1850 kabla ya Kristo, kuna kisa cha mkulima Khun-Anup aliyenyang'anywa punda na mizigo yake njiani. Akaenda kumlalamikia msimamizi mkuu, Rensi. Mkulima yule alisema kwa ufasaha wa ajabu mpaka Rensi akaenda kumwambia mfalme. Mfalme akafanya nini? Akaamuru asipewe jibu, ili aendelee kusema, na maneno yake yaandikwe. Huku nyuma akapelekewa chakula kwa siri. Masikini wa Mungu akalalamika mara 9, akachapwa pia, mpaka mwishoni ndipo alipopata haki yake. Nawaomba wasomaji mkihifadhi kisa hiki, tutakirudia.

Wagiriki nao wana lao. Mwaka 427 kabla ya Kristo, Gorgias alifika Athens kutoka Sicily kama mjumbe wa mji wake, na watu wakashangazwa na usemi wake. Yeye na wenzake, akina Protagoras, walifundisha ulumbi kwa malipo. Athens ilikuwa na mabaraza na mahakama ambamo raia alijisemea mwenyewe, kwa hiyo soko lilikuwepo. Lakini mwanamke na mtumwa hawakuwa na nafasi barazani, na maskini hakuwa na ada. Plato aliwashambulia walimu hao kwa kuuza maneno bila ukweli. Mimi ningewauliza swali jingine: mlimuuzia nani?

CHUO CHA LELEMAMA

Sasa turudi nyumbani. Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma, lakini kidogo tu, ile ya msingi ya watoto wa kike ya zama za mkoloni. Hakwenda Tabora, hakwenda Makerere. Mwaka 1954 TANU ilipoanzishwa alikuwa mmoja wa wanachama wa mwanzo kabisa. Mwaka uliofuata mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipotembelea Tanganyika aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Swali hilo liliwaumbua viongozi. Sehemu ya wanawake ikaundwa, na Bibi Titi akawa kiongozi wake. Kabla mwaka 1955 haujaisha, wanawake waliojiunga walikuwa wamefika 5,000.

Hebu tusimame hapo. Mwanamke wa elimu ya msingi, katika mji wa kikoloni, bila redio ya chama wala gazeti la maana, anawapataje wanawake 5,000 kwa miezi michache? Mwanahistoria Susan Geiger, aliyemhoji yeye na wenzake na kuchapisha kitabu juu ya wanawake wa TANU mwaka 1997, anatoa jibu ambalo linapaswa kuwashtua watu wa fasihi: ngoma. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipotakiwa kuwaleta wanawake hakuanza na hotuba uwanjani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akawaita watu wake.

Wahakiki tumezoea kuiweka lelemama kwenye sura ya fasihi simulizi, kati ya nyimbo na vitendawili, tukaorodhesha dhima zake (kuburudisha, kuelimisha, kuonya) halafu tukafunga daftari. Kwa kweli lelemama ilikuwa chuo. Vikundi vya pwani vilikuwa na vyeo, na ada, na ushindani mkali. Mombasa, kama alivyoonyesha Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji ule, nyimbo za lelemama zilitumika hata kumfedhehesha hadharani mtu aliyevunja mwiko. Fikiria basi mafunzo anayoyapata mwimbaji kiongozi. Anajifunza kupaza sauti bila chombo. Anajifunza kuanzisha na kungoja kupokewa, na wasipompokea anajua palepale kwamba ameharibu. Anajifunza kumsema mtu bila kumtaja, na kujibu kijembe papo hapo, maana kikundi cha pili hakikupi wiki ya maandalizi. Zaidi ya yote, anajifunza mbele ya watu ambao kesho atakutana nao msibani na harusini. Akisema uongo, watamdai.

Kwa mizani ya Bourdieu, hapa mitaji miwili ilifundishwa kwa pamoja, ulimi na watu wake. Ndiyo maana TANU ilipomchukua Bibi Titi haikupata msemaji tu, ilipata na wasikilizaji waliokwisha kuandaliwa.

Hata hivyo tusijidanganye kwa kuipamba jadi. Chuo hicho kilikuwa na ubaguzi wake. Kungwi na somo waliomfunda mwari walimfunza maneno ya adabu, lakini walimfunza pia kunyamaza, hasa mbele ya wanaume na wakwe. Wanawake wa lelemama walikuwa walumbi wakubwa miongoni mwao, lakini wanaume walipokaa barazani, wao hawakuitwa. Na ushindani wa ngoma ulikula fedha nyingi za watu. Sisemi turudi kule. Ninasema tu kwamba palikuwa na shule, na tumeifuta kwenye historia ya elimu kwa sababu haikuwa na madawati.

KIBAO SHINGONI

Shule yenye madawati ilifundisha nini? Katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra, Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni waliokamatwa wakisema Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvalishwa kibao cha fedheha shingoni. Tanganyika mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwani Kiswahili kilipewa nafasi katika madarasa ya chini na katika utawala wa ngazi za chini. Lakini juu zaidi mlango ulifunguliwa kwa Kiingereza. Aliyepanda ngazi alijifunza kusema katika lugha ambayo mama yake hakuweza kumjibu.

Msidhani kibao kilizikwa na mkoloni. Mimi nimekivaa. Shule niliyosoma sekondari (jina naliacha) ilikuwa na kipande cha ubao chenye kamba, na aliyekutwa akisema Kiswahili alikivaa mpaka amkamate mwenzake. Ijumaa ilikuwa siku ya mdahalo, kwa Kiingereza. Bwana wee! Tulikuwa watu zaidi ya 200 ukumbini na waliosema hawakuzidi 6, walewale kila wiki, waliotoka shule za msingi za kulipia. Sisi wengine tulipiga makofi. Miaka minne ya kupiga makofi nayo ni mafunzo. Nilipobaki kama kondoo kwenye semina, sikuwa nimekosa mafunzo, nilikuwa nimefuzu vizuri yale niliyopewa.

Shaaban Robert aliliona jambo hili mapema. Katika Kusadikika (1951), kosa la Karama ni kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Soma tena shitaka hilo kwa jicho la makala hii. Karama hakuiba wala hakuua. Alitaka kuwafundisha watu namna ya kusimama na kujitetea, yaani alitaka kugawa ulimi, na Waziri Majivuno akalitambua hilo kuwa hatari kwa serikali. Wahakiki wengi wamesifu hekima ya Karama. Wachache wametaja jambo la pili ambalo bila hilo hekima yake isingefua dafu: alipewa nafasi ya kusema siku baada ya siku, akasimulia habari za wajumbe 6, na baraza likasikiliza mpaka mwisho. Karama aliachiliwa kwa sababu palikuwa na watu waliokubali kusikiliza.

Mfano wa kinyume chake tunaupata katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, akiwa Rais, na kuirudia mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika mazishi ya Kaizari, Brutus anatoa sababu zake kwa nathari fupi, umati unamshangilia. Kisha anapanda Antony, anasema kwa shairi, anawaonyesha majeraha, anawatamanisha wosia bila kuusoma, na umati uleule unakwenda kuchoma nyumba. Umati ule ulikuwa na masikio, lakini haukuwa kikundi. Hakuna aliyemjua jirani yake, hakuna aliyeuliza swali, hakuna aliyemdai Antony kesho yake. Ninashawishika kwamba kiongozi aliyekuwa akiishi kwa hotuba alikuwa na sababu ya kuchagua tamthilia hiyo miongoni mwa nyingi.

REDIO NA KIMYA

Sauti ya mlumbi ilitengana na mwili wake kabla ya intaneti. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyezaliwa katika familia ya watumwa, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaanza kutembea mahali ambapo miguu yake haikufika. Mwaka 1951 redio ilianza Dar es Salaam. Baada ya uhuru ikawa chombo cha taifa, na mwaka 1965 ikawekwa chini ya serikali moja kwa moja kwa jina la Redio Tanzania Dar es Salaam.

Hapa lazima tuseme kwa haki. Redio ile ilifanya kazi kubwa ya kueneza Kiswahili sanifu na elimu ya watu wazima, na hotuba za Mwalimu ziliwafundisha wengi kwamba mambo mazito husemeka kwa lugha nyepesi. Lakini ilikuwa na mdomo mmoja na masikio mamilioni. Mwenye redio sebuleni hakuweza kuijibu.

Na Bibi Titi je? Mwaka huohuo wa 1965, ambao pia ulikuwa mwaka wa chama kimoja kuwekwa kisheria, alishindwa katika uchaguzi wa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 alitofautiana na chama juu ya masharti ya Azimio la Arusha yaliyowakataza viongozi kupangisha nyumba, akajiondoa katika uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiliwa mwaka 1972. Sina nia ya kuirudia kesi hiyo hapa wala kugawa haki na batili. Ninachotaka tukione ni upande wa mtaji. Sauti iliyowaita wanawake 5,000 ilinyamaza kwa miaka mingi, na vikundi vilivyoilea navyo vilikuwa vimeshabadilika, kwa kuwa shughuli za wanawake zilikuwa zimeingizwa kwenye jumuiya moja ya chama tangu mwaka 1962. Mlumbi akipoteza kikundi chake, ufasaha hupungukiwa na kazi, hata ubaki kamili kifuani.

Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1990. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na kufikia mwaka 1994 Radio One na ITV vilikuwa hewani. Watu wakaanza kupiga simu studioni. Ulikuwa mwanzo wa mwananchi kuijibu redio.

SAUTI KATIKA SIMU

Tumefika sasa kwenye dijitali. Bibi yangu mzaa mama alikuwa manju wa ngoma kijijini kwao. Kusoma anasoma kwa taabu, kuandika ndiyo hawezi kabisa. Leo ni kijumbe wa mchezo wa wanawake 20, na wote wako katika kundi la WhatsApp. Tangu mwaka 2013 programu hiyo inaruhusu kutuma ujumbe wa sauti, na kwa bibi yangu huo ndio ulikuwa mwaka wa intaneti kuzaliwa. Anabonyeza, anasalimia kwa ukamilifu, anataja zamu ya nani, anamsema mchelewaji bila kumtaja jina, anafunga kwa methali. Ndani ya dakika chache majibu yanaanza kuingia, mengine yakicheka, mengine yakijitetea. Mara moja nilimwambia, "Bibi, ujumbe wako una dakika 4, watu hawasikilizi marefu siku hizi." Akanijibu, "Wasiposikiliza zamu zao watazijuaje?"

Jibu hilo lina nadharia nzima ndani yake. Ulumbi wake una thamani kwa sababu kuna fedha, zamu na ndugu nyuma yake. Teknolojia haikumletea mtaji, ilimletea njia. Mtaji alikuwa nao tangu ngomani.

Sasa linganisha na yule kijana wa suti. Yeye ana wafuasi, lakini hawajuani wao kwa wao. Wakikaa kimya hajui kama wameudhika au wamelala. Anachokiona ni tarakimu. Na hapo ndipo nawaomba tumkumbuke Khun-Anup. Mfalme alitaka aendelee kusema, kwa sababu maneno yake yalipendeza. Haki yake ilikuwa jambo la baadaye. Wenye mitandao mikubwa ya leo wako hivyohivyo. YouTube tangu mwaka 2005 na TikTok baada yake hutuletea kila siku maelfu ya watu fasaha wanaolalamika, wanaosihi, wanaochekesha. Mwenye jukwaa anafaidika wanaposema, na anafaidika zaidi wanaporudia. Kama punda atarudishwa au hatarudishwa, hilo halimo katika hesabu zake. Tofauti moja ni kwamba mkulima yule alipelekewa chakula.

Wengine watanipinga, na nawakaribisha. Watasema mtandao umewapa ulimi waliokatazwa baraza: wasichana, walemavu, vijana wa vijijini. Ni kweli, na ningekuwa mnafiki kulikataa hilo baada ya kumtaja bibi yangu. Lakini tusisahau mambo mawili. Kwanza, baraza jipya nalo lina mlinzi mlangoni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 hapa Tanzania zilimtaka mwenye blogu au redio ya mtandaoni kuwa na leseni ya kulipia, na hata zilipokuja kubadilishwa, funzo lilibaki kwamba mdomo wa dijitali unaweza kupangiwa ada. Pili, msichana anayesema mtandaoni bila kikundi nyuma yake hutukanwa peke yake. Mwimbaji wa lelemama alipotupiwa kijembe, kikundi kizima kilijibu.

HITIMISHO

Nani, basi, alimfundisha Bibi Titi kusema? Walimfundisha wanawake waliompokea wimbo, na wale waliokataa kumpokea alipokosea. Kama hilo ni kweli, kozi ya wiki 4 haiwezi kuwa jibu, hata ingefundishwa na Gorgias mwenyewe. Itakufundisha mikono uiweke wapi na pumzi uivute lini, mambo mazuri tu, lakini siku ya 29 utabaki na cheti na hakuna anayekungoja useme.

Nina mapendekezo machache kwa idara yetu, nayatoa kwa heshima zote za mwanafunzi kwa waalimu wake. Somo la fasihi simulizi tunalifanya kwa kuandika. Mwaka mzima hatuimbi, hatutegi kitendawili, hatulumbani, halafu tunafanya mtihani wa karatasi juu ya sanaa ya mdomo. Hivi kweli haitushangazi? Sehemu ya alama itolewe kwa malumbano ya ana kwa ana, na anayejibu apewe alama sawa na anayeanza, ili kusikiliza nako kuhesabiwe kuwa stadi. Mdahalo ufanyike kwa Kiswahili pia, tuone kama bado watasema watu 6. Na semina zetu zisiwe foleni ya kusoma karatasi: kila kikundi kidumu mwaka mzima, watu wale wale, ili aliyesema ovyo wiki hii akumbushwe wiki ijayo. Waalimu watasema muda hautoshi na wanafunzi ni wengi. Najua. Lelemama nayo ilikuwa na watu wengi, na haikuwa na ukumbi.

Kwa upande wetu wanafunzi, pale bwenini tumeanza. Kila Jumatano usiku, watu 9, chumba kimoja, hoja moja, simu zote juu ya kabati. Wiki ya kwanza niliongea dakika 2 nikakwama. Mwenzangu akanipokea sentensi ilipokatikia, akaiendeleza, kisha akanirudishia. Wiki ya tano niliulizwa swali nikalijibu, baya, lakini nililijibu. Jumatano ijayo zamu ya kuanza ni yangu.